Kukagua yoti ya safari yenye mwendo kabla ya kuinunua: fuata mzigo kutoka tanga hadi mkuku

Boti inayozungumziwa hapa ina urefu wa mita 10.5 hadi 12. Ndani ina vitanda vya watu sita, jiko, choo na meza ya ramani. Nje ina mlingoti mrefu kuliko wa boti ya kawaida ya safari, mkuku, yaani pezi zito la chini ya boti, mwembamba na unaokwenda chini sana, na usukani unaoning'inia peke yake bila kuegemea kitu chochote. J/109 ya Marekani ni ya jamii hiyo. First 40.7, ambayo Bruce Farr aliwachorea Beneteau wa Ufaransa, ni ya jamii hiyo pia, na X-Yachts wa Denmark wamejenga nyingi. Familia inaweza kulala humo wiki nzima visiwani, kisha Jumamosi boti hiyo hiyo ikaingia mashindanoni.

Faida yake kwa mtu wa Dar es Salaam inaonekana vizuri kwenye safari moja: kurudi kutoka Unguja wakati wa Kusi, upepo wa msimu utokao kusini. Kutoka Mji Mkongwe hadi mlango wa bandari ya Dar ni maili za baharini zipatazo 40, na uelekeo ni karibu kusini kabisa, yaani upepo unakuja usoni. Mkondo wa pwani nao unapanda kaskazini, na msimu huo unaongezeka nguvu. Hapo hakuna njia ila kubisha, yaani kupanda dhidi ya upepo kwa kwenda mshazari upande huu kisha upande ule. Boti yenye mwendo hugeuka nyuzi 85 hivi kutoka bisho moja hadi jingine, kwa hiyo maili 40 zinakuwa 54. Boti nzito yenye mkuku mfupi hugeuka nyuzi 110, na maili hizo hizo zinakuwa 70. Ya kwanza ikienda noti 6 (maili 6 za baharini kwa saa) na kung'oa nanga saa 12 asubuhi, inaingia saa 9 alasiri, mkondo bado haujahesabiwa. Ya pili, ambayo ikibisha haivuki noti 5.5, itatafuta mlango wa bandari giza likiwa limeingia.

Lakini kila sifa inayoipa boti hii mwendo inakusanya nguvu kubwa mahali padogo. Mkuku mwembamba una maungio mafupi na bodi, yaani mwili wa boti. Usukani unaoning'inia unabebwa na nguzo moja. Mlingoti mrefu unashikiliwa na waya chache zenye mkazo mkubwa. Ndiyo maana ukaguzi wa boti ya namna hii hauanzi na mito ya kukalia wala redio. Unafuata mzigo: upepo unaingia kwenye tanga, unapita kwenye waya, unashuka kwenye mabamba, unaingia kwenye fremu ya sakafu, unaishia kwenye mkuku. Popote mzigo unapobadilisha mkono, hapo ndipo pa kupiga magoti na kuangalia kwa tochi.

Kwanza fanya hesabu

Kabla hujapanda boti, omba takwimu tano: urefu wa mstari wa maji, upana, uzito, uzito wa mkuku, na eneo la matanga, yaani tanga kuu pamoja na la mbele. Tuchukue boti ya mfano yenye mstari wa maji wa mita 9.9, upana wa mita 3.6, uzito wa kilo 6,400, mkuku wa kilo 2,400 na matanga ya mita za mraba 70.

Mwendo wa kikomo cha bodi hupatikana kwa kutafuta kipeuo cha pili cha urefu wa mstari wa maji kwa mita, kisha kuzidisha kwa 2.43. Kwa boti yetu ni noti 7.6. Upepo wa nyuma na mawimbi ya Kusi vitaisukuma zaidi ya hapo kwa muda mfupi mfupi, lakini kwa kupanga safari usihesabu zaidi ya noti 6.5.

Nguvu ya matanga kulingana na uzito ndiyo hesabu inayosema ukweli mwingi. Gawanya uzito kwa 1,025 upate ujazo wa maji ambayo boti inayasukuma, hapa mita za ujazo 6.24. Tafuta kipeuo chake cha tatu, 1.84, ukizidishe chenyewe kwa chenyewe, upate 3.39. Gawanya 70 kwa 3.39: jibu ni 20.6. Boti nzito za safari huwa kati ya 14 na 16. Za jamii tunayoizungumzia ziko kati ya 18 na 22. Ikivuka hapo sana, jua unanunua boti ya mashindano iliyowekewa jiko, na utahitaji watu wanaojua kazi kila unapotoka.

Kwa uzito wa mkuku, 2,400 kwa 6,400 ni asilimia 37.5. Kati ya 35 na 42 ni kawaida, ila asilimia peke yake haitoshi, maana kilo moja iliyo chini mita 2 inaisimamisha boti zaidi kuliko kilo hiyo hiyo iliyo chini mita 1.5. Hesabu ya hofu ya kupinduka ni upana kugawanya kwa kile kipeuo cha tatu: 3.6 kwa 1.84 ni 1.96. Chini ya 2 inakubalika kwa bahari kuu. Juu ya hapo, uliza cheti kinachoonyesha boti inainama hadi nyuzi ngapi kabla ya kushindwa kurudi. Nyuzi 120 au zaidi ndizo za kutafuta.

Sasa rudia hesabu ya matanga ukiwa umeongeza kilo 800: maji, dizeli, chakula, watu, boti ndogo ya mpira, mnyororo. Ile 20.6 inashuka hadi 19.1. Wengi hununua mwendo kisha wanaujaza mizigo. Mnyororo wa nanga ni mfano mzuri, kwa sababu unakaa gubetini, yaani mbele kabisa ya boti, mahali pabaya kuliko pote. Mita 60 za mnyororo wa milimita 10 zina kilo 132 hivi; za milimita 8 zina 84. Kama boti ilichorewa mnyororo wa milimita 8, uache huo na uwekeze kwenye nanga nzuri.

Kina cha mkuku na maji ya Dar

Boti hizi hutolewa na mkuku wa aina mbili au tatu. J/109 inahitaji maji ya mita 2.13. Nyingine huwa na mkuku wa kina wa mita 2.2 hadi 2.4 na mfupi wa 1.8 au 1.9. Ulaya mnunuzi huchagua kwa kuangalia mashindano. Hapa angalia mahali utakapoilaza boti, kwa sababu wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa Dar inavuka mita 3.

Mashua na ngalawa hukaa juu ya mchanga maji yakipwa, na fundi hutumia nafasi hiyo kupiga kalafati na deheni. Yoti ya mkuku mwembamba haifanyi hivyo. Ikikaa chini italala ubavu, na mzigo wote utabebwa na ncha ya mkuku na mbavu za bodi ambazo hazikujengwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo boya la kuifungia lichaguliwe kwa kipimo cha maji ya chini kabisa ya bamvua, ambayo Dar huangukia asubuhi mnamo saa 4 hadi 5, na usiku vivyo hivyo. Shusha timazi siku hiyo, saa hiyo. Boti yenye mkuku wa mita 2.1 inataka maji ya kina cha walau mita 2.8, na zaidi ya hapo kama mahali panapokea mawimbi. Ghuba ya Msasani imefunikwa na rasi dhidi ya Kusi, lakini mdomo wake unatazama kaskazini, na Kaskazi ikivuma wimbi linaingia ndani. Boti inayopanda na kushuka sentimita 60 huku chini ya mkuku kuna maji ya sentimita 50 tu itagonga.

Kwa Bongoyo na Mbudya, ingia maji yakiwa yanajaa, jua likiwa juu au nyuma yako ili uuone mwamba. Sababu ni hesabu ya kumi na mbili. Gawanya tofauti ya maji kwa 12: saa ya kwanza maji hushuka sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Tofauti ikiwa mita 3.2, saa ya tatu peke yake huondoa sentimita 80. Ukikwama mwanzoni mwa saa hiyo, ndani ya dakika 10 umepoteza zaidi ya sentimita 10 na nafasi ya kujinasua imekwisha. Visiwa hivyo viwili, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, ni hifadhi ya bahari tangu 1975, kwa hiyo nanga itupwe mchangani, kamwe si juu ya matumbawe.

Ukiniuliza mkuku upi kwa Dar, jibu langu ni wa mita 1.9 hadi 2.1, wenye uvimbe wa risasi au chuma chini. Wa 2.4 utakupa nyuzi mbili tatu za ziada ukibisha, na utakufungia nusu ya mahali unapotaka kulala.

Maungio ya mkuku: hapa tumia siku nzima

Mwezi Mei 2014 boti ya First 40.7 iliyoitwa Cheeki Rafiki ilipoteza mkuku katika Atlantiki ikitoka Antigua kwenda Southampton. Ilipinduka, na mabaharia wake wanne hawakupatikana. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walieleza kwamba huenda migongano ya awali na chini, pamoja na matengenezo yaliyofuata, ilikuwa imeudhoofisha muundo pale mkuku unapoungana na bodi. Boti hiyo, kama nyingi za kizazi chake, ina fremu ya sakafu iliyomwagwa peke yake kiwandani kisha ikagandishwa ndani ya bodi kwa gundi. Fremu hiyo ndiyo inayosambaza uzito wa mkuku. Ikibanduka, bolti zinavuta ngozi ya bodi peke yake. X-Yachts waliweka fremu ya chuma kilichopakwa zinki badala yake. Ni imara sana, ila maji ya chumvi yakituama ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, miaka mingi, nayo inaliwa na kutu.

Mkuku ukigonga mwamba kwa mbele, ncha ya chini inarudi nyuma. Maungio ya mbele yanavutwa chini, na ya nyuma yanasukumwa juu ndani ya bodi. Kwa hiyo dalili zitafute sehemu mbili.

Boti ikiwa bado majini, fungua mbao zote za sakafu. Kausha ngama kwa kitambaa. Pitisha tochi kwa mlalo kando ya kila ubavu wa fremu: ufa mwembamba kama unywele unaofuata kona ya fremu na bodi ni kengele. Gonga fremu kwa mpini wa bisibisi au nyundo ya plastiki, sentimita tano kwa tano. Palipoganda hulia kavu na kwa ukali. Palipobanduka hutoa sauti tupu, na vumbi au maji hutoka pembeni. Angalia zaidi nyuma ya mkuku, chini ya ngazi ya kuingilia, ambako mafundi wavivu hupaka rangi nyeupe juu ya ufa. Rangi mpya ngamani wakati sehemu nyingine zote zimechakaa ni swali la kumuuliza muuzaji bila kuzunguka. Kwenye bolti, kutu ya kahawia kuzunguka nati inaonyesha maji yamepita kutoka chini.

Kisha boti inyanyuliwe kwa mikanda. Kabla mkuku haujagusa ardhi, mtu mmoja asukume ncha ya chini kushoto na kulia huku mwingine ameweka kidole kwenye maungio. Mchezo wowote unaosikika kwa kidole hautakiwi. Boti ikishushwa taratibu, tazama mstari wa maungio upande wa mbele: ukifunguka ikiwa hewani na kujifunga uzito ukikaa, silanti (gundi ya kuzuia maji) imekufa au bolti zimelegea. Mfunguko wa milimita moja kwa mbele peke yake, bila dalili ndani, mara nyingi hutibika kwa kusafisha na kukaza bolti kwa kipimo cha mjenzi. Mfunguko pamoja na ufa kwenye fremu ni kazi nyingine: mkuku ushushwe, bolti zikaguliwe moja moja mahali zinapopita kwenye maungio, fremu ikatwe na kugandishwa upya na fundi anayejua mchoro wake. Tafuta bei ya kazi hiyo kabla ya kutaja bei ya boti.

Mkuku wa chuma hupata kutu mahali rangi inapotoboka. Hiyo ni kazi ya kila mwaka, si ugonjwa. Wa risasi hauoti kutu, na ukigonga hubonyea badala ya kupitisha nguvu yote juu, ndiyo sababu inafaa kulipia zaidi.

Usukani

Boti ikiwa juu, shika ncha ya chini ya usukani uivute mbele, nyuma na pembeni. Mchezo wa milimita moja mbili hauna shida. Ukisikia mgongo wa nguzo ukigonga, beringi zimeisha. Geuza usukani mwanzo hadi mwisho: ukiwa mzito katikati na mwepesi pembeni, nguzo imepinda, au beringi za plastiki zimevimba.

Ndani ya usukani kuna povu, na povu hunywa maji kupitia mahali nguzo inapoingia. Siku mbili baada ya kunyanyuliwa, angalia kama kona ya chini bado inachuruzika. Ukiwa na ruhusa ya mwenyewe, toboa tundu la milimita 5 karibu na ncha. Maji safi machache ni kawaida ya boti yenye umri. Maji ya rangi ya chai yanamaanisha chuma kilichomo ndani kimeanza kuliwa, na nguzo ya usukani ikikatika mbele ya Fungu Yasini hakuna cha kushika.

Bodi na sitaha

Sitaha za boti hizi ni ngozi mbili za faiba zenye balsa (mbao nyepesi sana) au povu katikati. Ni nyepesi na ngumu hadi maji yatakapopita kwenye skrubu iliyolegea. Gonga kuzunguka kila kitu kilichofungwa kwa bolti: nguzo za ulinzi, reli za tanga la mbele, mguu wa mlingoti. Sauti ikififia, au sitaha ikibonyea chini ya kisigino, chora duara kwa chaki. Madoa mawili matatu ya ukubwa wa sahani yanatengenezeka kwa kutoboa, kukausha na kusukuma epoksi. Nusu ya sitaha ikiwa laini, achana nayo.

Chini ya mstari wa maji tafuta malengelenge siku ya kwanza boti inapotoka, maana yakikauka hujificha. Maji ya joto ya pwani yetu huyaharakisha. Machache si hatari kwa muundo wa boti.

Mlingoti na waya

Kwenye boti nyingi za namna hii waya ya mbele haifiki kileleni. Hushikwa kwenye 7/8 au 9/10 ya mlingoti. Mikono ya mlingoti, inayotanua waya za pembeni, imelazwa nyuma nyuzi 20 hivi, ili waya za pembeni zivute nyuma pia. Mpango huo unaruhusu tanga kuu kubwa na la mbele dogo ambalo watu wawili wanaliweza. Unadai kitu kimoja: waya za pembeni ziwe na mkazo wa kutosha muda wote, la sivyo waya ya mbele inalegea na boti inakataa kubisha.

Waya iliyosokotwa kwa nyuzi 19 za chuma cha pua hupewa miaka 10 hadi 12. Kwa Dar, pamoja na joto na chumvi isiyooshwa na mvua kuanzia Juni hadi Septemba, usisubiri ivuke hapo. Kagua shingo ya chini ambako waya imebanwa ndani ya bomba la chuma, kwa sababu maji hushuka na kutuama hapo. Safisha kwa kitambaa, angalia kwa lensi. Ufa wa wima kwenye bomba, au uzi mmoja uliokatika unaochoma kidole, maana yake waya zote zibadilishwe, kwani zimezeeka pamoja. Kisha fungua makabati ya ndani ufuate mabamba yanayoshika waya hadi mwisho wake. Doa la kahawia kwenye plaiwudi chini ya bamba ni alama ya maji yaliyopita, na plaiwudi iliyooza haishiki bolti.

Mkazo unapimika bila mashine ya bei. Waya ya nyuzi 19 ikirefuka milimita 1 katika urefu wa mita 2, imebeba asilimia 5 ya uzito unaoikata, bila kujali unene wake. Fanya hivi:

1. Legeza waya za pembeni za juu hadi zisimame bila mkazo.
2. Chukua rula ya kukunja ya mita 2. Ifunge ncha ya juu kwa tepu kwenye waya, ncha ya chini iguse tu ukingo wa shingo ya chini.
3. Kaza skrubu za kushoto na kulia kwa zamu, mizunguko sawa, ukihesabu kwa sauti.
4. Kila unapokaza, waya inarefuka na nafasi inajitokeza kati ya rula na shingo. Ipime kwa kalipa.
5. Milimita 3 ni asilimia 15. Kwa mikono iliyolazwa nyuma nenda hadi 4, usivuke 5.

Kisha toka nje na upepo wa noti 12 hadi 15. Boti ikilalia nyuzi 20, waya ya upande wa demani, unakoelekea upepo, isiyumbeyumbe. Weka jicho chini kwenye mfereji wa tanga kuu utazame juu: mlingoti uwe umenyooka kushoto na kulia. Ukipinda katikati kuelekea demani, kaza waya za chini za upande wa joshi, unakotoka upepo, nusu mzunguko, geuza bisho, fanya upande wa pili, angalia tena.

Matanga

Matanga ya tabaka za plastiki na nyuzi za kaboni hushika umbo vizuri sana, na jua letu huyabandua kabla hujafaidi pesa yako. Kwa boti inayolala kwenye boya Dar, Dakroni nzito iliyoshonwa vizuri ndiyo chaguo la akili. Kagua uzi kwanza, kwa sababu uzi hufa kabla ya kitambaa: kwaruza mshono kwa ukucha, na ukikatika tanga zima lishonwe upya. Tanga la mbele linaloviringishwa liwe na ukanda wa kuzuia jua kwenye kingo mbili, na tanga kuu lifunikwe kila linaposhushwa, hata kama ni chakula cha mchana tu Mbudya.

Boti zenye tanga kuu kubwa hupunguza tanga kuu kwanza. Ukifika nyuzi 25 za kulalia upande na usukani unakuvuta mkono, umechelewa. Hakikisha kamba za kupunguzia zipo zote na zinapita bila kukwama. Wauzaji wengi wana kamba ya hatua ya kwanza pekee, na Kusi ya Julai katikati ya mlangobahari wa Unguja inataka ya pili.

Injini, kwa ufupi

Dizeli ya nguvu farasi 30 hadi 40 inatosha. Iwashwe ikiwa baridi, mbele yako. Moshi mweusi ni mzigo mkubwa au rafadha iliyojaa uchafu, wa bluu ni mafuta ya injini, mweupe usioisha ni dizeli isiyoungua au maji. Kama nguvu hupita kwenye mguu unaotokeza chini ya bodi, chomoa kijiti cha mafuta ya mguu huo: rangi ya maziwa ni maji. Mpira mkubwa unaozuia bahari kuingia pale mguu unapopita huwa na tarehe. Ukiwa na miaka 7 au zaidi, uwe kwenye orodha ya kubadilishwa sasa. Fungua chujio la maji ya bahari na pampu yake, maana hapa mwani na konokono huziba haraka.

Majaribio baharini

Omba saa tatu, si dakika 40. Toka Msasani upepo ukiwa umeshika kasi, mchana baada ya saa 6. Endesha injini kwa nguvu zote dakika 10 ukiangalia joto. Pandisha matanga, bisha upande mmoja dakika 15, andika nyuzi za dira na noti za GPS, kisha geuza na urudie. Tofauti ya dira kati ya mabisho iwe nyuzi 80 hadi 90, na mwendo noti 6 au zaidi upepo ukiwa 12. Upande mmoja ukiwa mzuri na mwingine mbaya, mlingoti haujasimama wima au mkondo unakudanganya; rudia mahali pengine kabla ya kuhukumu.

Achia usukani kidogo. Boti ipande taratibu kuelekea upepo, na ukiurudisha isihitaji zaidi ya nyuzi 5. Ikihitaji zaidi, angalia kama tanga kuu limezeeka na kujaa tumbo, na kama mlingoti umelazwa nyuma kupita kiasi. Boti inaposhuka wimbi, mtu mmoja akae chini, ameinua mbao za sakafu, amulike bolti za mkuku. Asikie kama kuna kulia au kubofya kwa fremu.

Hati

Boti iliyouzwa Ulaya kuanzia katikati ya 1998 ina bamba la CE, alama ya viwango vya Ulaya, linaloonyesha kundi lake. Kundi A ni la bahari kuu, upepo unaoweza kuvuka nguvu 8 ya kipimo cha Beaufort na mawimbi zaidi ya mita 4. Kundi B ni hadi nguvu 8 na mita 4, na kwa Unguja, Pemba na Mafia linatosha. Uliza TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) mapema kuhusu usajili na ukaguzi wa usalama, na mamlaka ya mapato kuhusu ushuru wa boti iliyoingia kwa muda, kwa sababu boti ya msafiri iliyouzwa hapa inaweza kuwa bado inadaiwa. Kisha soma namba ya bodi iliyochongwa nyuma upande wa kulia, karibu na ukingo wa sitaha, uilinganishe na iliyo kwenye hati ya mauzo. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, usilipe hadi muuzaji alete maelezo kwa maandishi.